Kitabu Kilichokomea Ukurasa wa Sitini na Tano

Usimwone Mwalimu Chepchirchir amesimama mbele ya darasa ameshika chaki ukadhani ana nguvu. Nguvu zilimwisha zamani, kilichobaki ni mazoea. Ana miaka arobaini na sita, na ishirini na miwili kati ya hiyo amefundisha hesabu katika shule moja ya msingi nje kidogo ya Molo, mahali ambapo baridi ya Julai inawafanya watoto waandike wakiwa wamevaa glavu zilizotoboka vidole. Anaamka saa kumi na moja, anakamua ng'ombe wawili, anaenda shule, anarudi, anakamua tena. Viazi vya mumewe Kibii vikifika wakati wa kuchimbwa, Jumamosi nayo inakwenda huko. Halafu mtu huyohuyo, hebu niambie, akaenda kujiandikisha chuoni.

Chuo chenyewe kiko Njoro, na masomo ni ya likizo: shule zikifungwa, walimu wanageuka wanafunzi. Alitaka digrii ili afundishe hesabu katika madarasa ya juu, na hakuwa anajidanganya, hesabu anaijua. Mwaka wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Wa tatu akakutana na aljebra ya mstari, lile somo la vekta na matriksi linaloanza kwa upole, namba zimepangwa safu safu kama watoto wa gwaride, kisha siku moja linaziacha namba na kuanza kuongea kwa herufi peke yake. Akaanguka. Akarudia, akaanguka tena. Na sheria ya chuo ilikuwa wazi: ukianguka somo moja mara tatu, unakusanya virago. Mtihani wa tatu ulikuwa Agosti. Yaani likizo zote za miaka mitano, zile ambazo wenzake walikuwa wanalala na kusuka nywele, zilikuwa zimewekwa juu ya karatasi moja.

Kitabu cha kwanza alichotumia ndicho alichosifu mhadhiri wao, Daktari Oduor, kijana mpole ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. "Hiki ndicho kitabu, Mwalimu," alimwambia. "Hakuna kingine." Na pengine kweli hakuna, kwa mtu anayejua tayari. Chepchirchir alisoma sura ya kwanza mara kumi na moja. Kila sentensi ilikuwa ya kweli na hakuna hata moja iliyomwambia kitu. Kitabu cha pili kilikuwa rundo la fotokopi, mitihani ya zamani na majibu yake, akayakariri yote kama anavyokariri majina ya darasa jipya. Mtihani ukaja na maswali yaleyale ila mwishoni mwa kila moja wameongeza neno moja: kwa nini? Hilo hakuwa amelikariri.

Basi Jumamosi moja ya Juni, akiwa amefunga sweta kiunoni kwa joto la Nakuru, aliingia katika kibanda cha Mama Nekoye, kwenye uchochoro ulio nyuma ya soko. Mama Nekoye ni mjane wa mfanyakazi wa reli, mwanamke mnene wa kicheko kidogo, anauza vitabu vilivyokwisha kutumiwa. Yeye mwenyewe aliachia shule darasa la saba. Lakini wanafunzi wa Njoro wote wanamjua, kwa sababu ukinunua kitabu kwake na kisikufae, unakirudisha ndani ya wiki mbili akubadilishie, mradi hukukiandika kwa kalamu ya wino. Penseli haimsumbui. Kutwa nzima anakaa na kifutio mkononi, kitabu mapajani, anafuta penseli za watu ukurasa kwa ukurasa, na vumbi la kifutio linajaa kwenye leso yake.

"Karibu, Mwalimu," alisema, kabla hata hajaambiwa.

"Umejuaje mimi ni mwalimu, Mama?"

"Umeingia ukaanza kunyoosha vitabu vyangu. Unatafuta nini?"

Chepchirchir akamwambia. Mama Nekoye akanyoosha kidole kwenye rafu ya chini bila kuinuka. Kulikuwa na vitabu saba vya somo hilo, na Chepchirchir hakufungua hata kimoja. Alivichukua kimoja kimoja, akavibana kurasa pamoja, akatazama upande ule kurasa zinapofunguka.

Usimcheke, hiyo ni kazi yake ya miaka yote. Mwisho wa mwaka, watoto wanaporudisha vitabu vya shule, mwalimu wa Molo hahitaji kumuuliza mtu mmeishia wapi. Anatazama ukingo. Mahali vidole vilipopita pana weusi, mahali ambapo hapakufikiwa ni peupe kama siku kitabu kilipotoka kwenye katoni. Kuna mwalimu mmoja aliyeandika kwenye ripoti kwamba amemaliza silabasi yote, na ukingo ukamsuta mbele ya kikao kizima. Aliyegundua ni Chepchirchir mwenyewe, na aliringa nalo kwa muhula mzima.

Sasa akaona vitabu sita vyeusi robo ya mwanzo na vyeupe kuanzia hapo. Kimoja kati ya hivyo, chembamba, kisicho na jalada, kilikuwa cheusi mwanzoni tu, akakirudisha upesi. Watu wote waliochoka kama yeye walikuwa wamekufia njiani, na ushahidi ndio ule. Lakini cha saba, kikubwa cha buluu, kilikuwa cheusi mwanzo na cheusi tii mwishoni. Hiki watu walifika nacho mwisho.

"Nipe hiki."

Mama Nekoye akatazama kitabu, akamtazama yeye. "Umekifungua?"

"Nimeona ukingo."

"Haya," Mama Nekoye akasema, na akarudi kwenye kifutio chake.

Wiki hiyo nzima Chepchirchir alisoma kila jioni mezani jikoni, viazi vikitokota, mpaka Kibii akaanza kujipakulia mwenyewe bila kuulizwa. Sura ya kwanza aliipita. Ya pili ikamkwamisha palepale anapokwama siku zote, kwenye zile vekta zinazojitegemea na zile zisizojitegemea. Akasema, tulia, wenzako walipita hapa, ukingo unasema. Akasoma tena. Siku ya nane, kwa hasira tu, akafungua nyuma kabisa aone wenzake hao walikuwa wanafurahia nini huko mwishoni.

Yalikuwa majibu. Kurasa thelathini za majibu ya mazoezi, zimekuwa nyeusi kwa vidole, zimelegea, moja imechanika. Akarudi katikati. Kati ya sura ya pili na majibu, kitabu kilikuwa kipya, na ukingo mweupe ambao kwa haraka yake hakuutazama. Kurasa nyingine zilikuwa bado zimegandana, akazisikia zikiachana.

"Wueh," alisema peke yake. Kisha akacheka, na kicheko kikageuka njiani, na Kibii alipoingia na ndoo ya maziwa aliyoiacha mkewe nje baada ya kukamua ng'ombe wa kwanza akamkuta ameinamisha kichwa juu ya kitabu, mabega yanatikisika.

"Mama Jepkemei. Kuna mtu amekufa?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Nimechoka, Kibii. Nimechoka mpaka sijui nitachokea wapi tena. Nimenunua kitabu kwa kutazama uchafu."

Kibii hakuelewa, na alikuwa na akili ya kutouliza. Aliweka ndoo chini, akaenda kumkamulia ng'ombe wa pili. Kwa miaka yao yote ya ndoa hilo halikuwa limetokea zaidi ya mara tatu.

Jumamosi akashuka tena Nakuru, kitabu cha buluu kwapani, na alikuwa amejiandalia maneno.

"Mama, ulijua!"

"Nilijua," Mama Nekoye alikubali. "Hicho nimekiuza mara sita. Kinaenda, kinarudi. Kama kingekuwa ng'ombe ningekuwa nimeshakichinja."

"Na ukanyamaza?"

"Uliniambia umeona ukingo. Ulikuwa umechoka, Mwalimu, na mtu aliyechoka namna ile ukimwambia kitu anakukasirikia bure. Nilijua utarudi." Akasukuma kreti ya soda kwa mguu. "Kaa. Mimi hesabu siijui, sitakudanganya. Lakini nimekaa hapa miaka kumi na tisa nikiangalia watu wakinunua vitabu, na wengi wananunua jalada, au jina, au kwa sababu mwenzao anacho. Wachache ndio hawarudi. Wale huwa wanafanya hivi. Ni wapi somo linakushinda?"

"Kwenye vekta zinazojitegemea."

"Basi tafuta hapohapo katika kila kitabu. Usisome mwanzo, mwanzo wote ni mtamu. Soma pale panapokushinda. Kile kitakachokufanya uniombe penseli, ndicho chako."

Chepchirchir alikuwa amejiandaa kugombana, sasa akawa hana la kufanya ila kukaa. Alifungua cha kwanza mahali pale. Kilianza na maneno "ni dhahiri kwamba." Akakifunga. Aliyeandika yale maneno hakuwahi kusimama mbele ya watoto arobaini na wanane. Cha pili kilikuwa na picha nzuri za rangi na mishale, ukatazama mishale ukaridhika, ukageuza ukurasa na hujui chochote zaidi. Cha tatu, cha nne, cha tano. Akabakiwa na kile chembamba kisicho na jalada, kile alichokirudisha upesi siku ile. Mahali pale palikuwa ukurasa wa hamsini na saba.

Hapakuwa na maelezo. Palikuwa na swali. Una jozi mbili za namba, mbili na moja, kisha nne na mbili. Ongeza, rudufisha, punguza, fanya upendavyo. Unaweza kufikia tano na tano? Jaribu kabla hujageuza.

Akajaribu kichwani, ikakataa. Akajaribu tena. Halafu, na hii aliisimulia baadaye kwa kila aliyetaka na asiyetaka kusikia, akaona chakula cha ng'ombe. Gunia la kwanza umechanganya gorogoro mbili za pumba ya ngano kwa moja ya mashudu. Gunia la pili, nne kwa mbili. Sasa ng'ombe amezaa, daktari wa mifugo anasema mpe nusu kwa nusu. Changanya magunia yako hayo mpaka jua litue, hutapata nusu kwa nusu, kwa sababu gunia la pili ni lilelile la kwanza limeongezwa tu! Una magunia mawili lakini kwa kweli una moja. Hilo la pili halijitegemei. Na swali lililofuata hapo chini lilikuwa: je, ukipewa mbili na moja, pamoja na moja na tatu?

"Mama, hebu nipe penseli," alisema.

Mama Nekoye alikuwa ameshaitoa kwenye nywele zake.

Akaandika palepale kwenye ukurasa. Gunia la kwanza mara mbili, gunia jipya mara moja: pumba tano, mashudu tano. Inafika. Alikaa akitazama zile tano mbili muda mrefu, mteja mwingine akaingia na kutoka. Miaka miwili neno lile lilikuwa limemkalia kooni, na ilikuwa ni hii tu. Alihisi furaha, ndiyo, lakini zaidi alihisi kuibiwa.

Lakini usifikiri kitabu kizuri kinakubeba mgongoni. Aliendelea vizuri wiki mbili, ukurasa kwa ukurasa, penseli mkononi, kisha akafika wa sitini na tano na kugonga ukuta. Pale kitabu kilitaka uthibitishe kwamba vekta zinazojitegemea haziwezi kuzidi idadi fulani, na si kwa mfano, kwa hoja. Alisoma Jumatatu. Alisoma Jumanne. Ndipo akaona, pembeni chini kabisa, penseli hafifu ya mtu aliyekuwa na kitabu kabla yake. Maneno mawili ya Kiswahili katikati ya Kizungu chote kile: Nimechoka hapa.

Akageuza kitabu, akatazama ukingo. Weusi ulikomea palepale.

Alishangaa jinsi Mama Nekoye, na kifutio chake kile, alivyopitwa na maneno yale. Kisha akaacha kushangaa, akawa anayatazama tu kila akikaa. Nani huyo? Mvulana, msichana, mama kama yeye? Siku tisa Chepchirchir alikaa na ukurasa ule. Hakuugeuza, na hapo ndipo ualimu wake ulipomponza, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili amewaambia watoto kwamba mada isipoeleweka, hatusongi. Hajawahi kusonga. Ndiyo maana walimu wenzake humwita Breki wakidhani hasikii. Siku ya tisa, zimebaki wiki tatu kabla ya mtihani, alishika penseli na chini ya maneno yale akaanza kuandika "Mimi" na hakuendelea. Alichoka hata kuandika kwamba amechoka. Akasema, basi, Agosti sitakwenda, nitamwambia Kibii kesho. Na ili ajue sura anayoiacha ilikuwa na urefu gani, akageuza ukurasa.

Ukurasa wa sitini na sita ulikuwa na mfano. Namba tupu, ndogo ndogo, vekta tatu za jozi, na mwandishi akizipitisha katika ile hoja yote hatua kwa hatua, na mwishoni ameandika kwamba sasa rudi ukurasa uliopita, usome tena, utaona unasema hayahaya.

Akarudi. Ukasema hayohayo.

Jamani, alikasirika. Alikasirika mpaka akatoka nje akazunguka boma mara mbili kwenye ukungu bila sweta. Siku tisa! Na yule mwingine, maskini, yule aliyeandika pale, alikuwa amebakiza kugeuza karatasi moja.

Agosti akaenda Njoro akafanya mtihani. Swali la tatu lilikuwa la vekta zinazojitegemea, na mwishoni palikuwa na lile neno, kwa nini, akaandika ukurasa mzima na nusu. Hakutoka akiruka. Alitoka akatafuta chai. Matokeo yalikuja Oktoba kwenye simu, amekaa kwenye kigoda anakamua, na alitazama kwa jicho moja kama mtu anayetazama mtoto akidungwa sindano. Hamsini na sita. Kupita ni arobaini.

"Vipi?" Kibii aliuliza mlangoni, maana aliona ameacha kukamua.

"Nimepita."

"Umepita lile?"

"Lile."

Kibii akavua kofia, akaivaa tena. "Basi toka hapo," alisema. "Nenda ukalale, Mama Jepkemei. Leo ng'ombe wote ni wangu." Chepchirchir hakuinuka mara moja. Aliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, pale penye joto, akalia kwa raha yake, na ng'ombe akaendelea kutafuna.

Shule zilipofungwa Novemba, alishuka Nakuru kurudisha kitabu. Hakuhitaji kubadilishiwa kingine, alikuja kukiacha tu. Mama Nekoye akambana mkono kwa pongezi, akakipokea, akatazama ukingo kwa mzaha. Weusi ulikuwa umefika karibu na mwisho, na kitabu hicho hakina majibu nyuma.

"Umenichafulia, Mwalimu," alisema, akachukua kifutio, akaanza kazi palepale huku wakipiga gumzo la wagonjwa na mvua. Magunia ya chakula cha ng'ombe yakafutika. Michoro, majaribio yaliyokataa, tarehe, yote yakageuka vumbi kwenye leso. Akafika sitini na tano, na mkono ukasimama.

"Kumbe ulikuwa unajua kuna maandishi hapo," Chepchirchir alisema. "Mimi nilidhani yalikupita."

"Yanipite mimi? Nilifuta kitabu hiki chote. Nilipofika hapo nikashindwa." Mama Nekoye alipuliza ukurasa. "Mtu amesema amechoka, Mwalimu. Amesema kwa adabu, kwa penseli, hakumsumbua mtu. Mimi ni nani nimfutie?"

Kisha akasogeza kitabu kwenye mwanga, kwa sababu chini ya maneno yale mawili sasa palikuwa na mengine, kwa mwandiko mkubwa wa mviringo, ule wa ubaoni, unaoonekana mpaka dawati la nyuma. Akayasoma polepole, midomo ikitembea.

Mimi pia. Geuza tu, usingoje kuelewa.

Mama Nekoye aliweka kifutio chini, akageuza ukurasa, akakiokota tena na kuendelea kufuta kuanzia wa sitini na sita.